Dereva anayezililia safari zinazokimbiwa na wenzake

Ndege ya asubuhi imeshatua, na abiria wanaanza kutoka mmoja mmoja huku wakifinya macho kwa jua. Nje ya uwanja wa KIA, madereva wa teksi wananyoosha mashati na kukohoa ili wapate sauti nzuri ya kukaribishia wageni. Mmoja wao hana habari. Yoeli Kaaya, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, amelalia usukani wa Noah yake mkiani kabisa mwa foleni, anakoroma.

"Mzee Yoeli! Hoteli ya karibu hapa!" anapaza sauti Lemomo, dereva aliye wa kwanza kwenye foleni.

Yoeli anashtuka, anajipangusa uso kwa kiganja na kuwasha gari. Wageni wawili, mume na mke, wanapakia mabegi. Hoteli yao iko hapo hapo jirani, safari ya dakika chache. Lemomo amemwachia kwa moyo mkunjufu, naye Yoeli amepokea kwa furaha, jambo linalomshangaza yeyote anayekijua kituo hiki.

Madereva wa hapa wamejiwekea utaratibu wao. Gari linaingia mkiani na kusogea kadiri ndege zinavyotua. Ukishapakia umemaliza zamu yako, uwe umekwenda mbali au umevuka barabara tu. Anayempata abiria wa Arusha mjini anarudi na laki moja na kitu. Anayeangukia hoteli ya karibu anapata elfu thelathini, mafuta humo humo, kisha anaanza upya mkiani na pengine asipakie tena mpaka kesho.

"Unakaa tangu alfajiri unapiga miayo," anasema Yoeli. "Zamu yako inafika, mtu anakwambia, 'Nipeleke hapo tu.' Unatabasamu, unambebea begi, lakini moyoni unalia. Kweli nakwambia, unalia."

Ndiyo maana kuna mchezo wa boneti. Gari lenye hitilafu halipotezi zamu, linarukwa tu. Basi dereva akimshuku abiria kuwa ni wa hoteli ya karibu, anafungua boneti, anainama, anagusagusa nyaya hadi wa nyuma yake ampakie. Kila mtu anaujua mchezo huo na kila mtu ameshaucheza. Yoeli alikuwa fundi wake, mpaka ulipomgeuka Novemba iliyopita.

Yoeli ni Mmeru, kitinda mimba kwa baba yake. Kwa desturi ya kwao, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba, yaani shamba la kahawa na migomba la wazazi, pamoja na nyumba na makaburi yaliyomo. Kihamba chao kiko mlimani, juu ya Kikatiti. Lakini Yoeli alishahamia mjini, akapanga Daraja Mbili, akasomesha watoto kwa teksi. Mama yake alipofariki nyumba ikafungwa, na magugu yakapanda hadi madirishani.

Ukoo haukupendezwa. Binamu yake, Nelson, alikuwa tayari kukichukua kihamba, ang'oe mibuni yote na kupanda nyanya. Kikaitishwa kikao, Jumamosi alasiri.

Asubuhi ya siku hiyo Yoeli ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alijipangia vizuri: ampeleke mtu Arusha, anunue sukari na majani ya chai, kisha apande mlimani akiwa na cha kuwapa wazee. Lakini ndege ilichelewa hadi saa nane mchana. Akatoka mama mmoja wa Kihindi, peke yake, na kijibegi cha mkononi. Nyuma yake walikuja vijana wanne wenye mabegi makubwa ya kupandia mlima.

Madereva husoma mizigo. Kijibegi ni hoteli ya jirani, mabegi makubwa ni mjini. Yoeli akafungua boneti.

"Yule mama alikuwa anakwenda kwake, Themi," anasimulia, akitikisa kichwa hata leo. "Arusha kabisa! Lemomo akampakia. Mimi nikafunga boneti yangu, nikawachukua wale vijana. Nauliza, wapi? Wananiambia hoteli ya hapo, wapumzike kwanza, mlima kesho."

Lemomo, anayesikiliza pembeni, hamwonei huruma. "Nilimwambia, mzee, mchagua jembe si mkulima."

Baada ya kuwashusha vijana, Yoeli alisimama barabarani. Upande mmoja ulikuwa uwanja na mkia wa foleni, upande mwingine nyumbani. Akapanda mlimani na gari tupu, jambo ambalo dereva hulifanya kwa uchungu. Alipofika, wazee walikuwa wameshasimama wanatafuta fimbo zao. Kaka yake mkubwa, Elinaza, alimpokea mlangoni mwa nyumba ya wazazi, iliyofunguliwa kwa ajili ya kikao.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechelewa, Yoeli. Tumekubaliana hivi: masika yakianza tunakuja kutazama. Tukikuta magugu, tukikuta nyumba haitoi moshi, Nelson anaingia."

"Kaka, nilikuwa natafuta riziki."

"Nani hatafuti? Mibuni ya baba nayo inakutafuta wewe."

Yoeli anasema aliona aibu, ile aibu ya mtu kukaribishwa kama mgeni nyumbani kwao. Alivua shati la kazi, akaazima jembe kwa jirani, akapalilia mpaka jua likazama. Katikati ya kazi ndipo wazo likamjia: kama angerudi uwanjani, saa zile zote angezimalizia mkiani mwa foleni, akipiga miayo.

"Zilikuwa saa zangu," anasema. "Nilikuwa nazitupa tu."

Tangu siku hiyo anaomba kile wenzake wanachokikwepa. Akipata safari fupi moja ana hela ya mafuta na ya chakula, anapanda mlimani kupalilia, kisha anashuka kuwahi ndege za jioni. Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakaona faida: badala ya kufungua boneti, aliye mbele anamwita Yoeli, na zamu yake inabaki pale pale.

Gharama yake si ndogo. Kipato kimepungua zaidi ya nusu. Mgongo unamsumbua, na siku nyingine analala ndani ya gari kwa sababu hana nguvu ya kurudi nyumbani. Usukani na mpini vinaidai mikono hiyo hiyo miwili.

Mkewe, Penina, alikuwa ameapa kutorudi mlimani. "Baridi, matope, kuni mbichi, hapana," anasema. "Nilishazoea bomba na umeme." Mwezi uliopita alifunga masufuria yake kwa khanga. "Wazee wanataka moshi. Yeye analima, huo moshi atautoa nani? Nikamwambia, baba Brenda, nipeleke."

Leo mchana moshi unatoka. Mawingu yamejaa juu ya Mlima Meru, na kumebaki kipande kidogo cha kupalilia upande wa makaburi. Wazee wanaweza kuja wiki yoyote.

Na wakikataa, wakampa Nelson? Yoeli anaegemea jembe.

"Nisikudanganye, nitaumia sana. Baba alipokuwa anaipanda mibuni hii, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama."

Na wakikubali?

Anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wakikubali, nitalala. Nitazima simu, niingie chumbani kwa baba, nilale mpaka Penina aje kuangalia kama bado ninapumua."