Ukurasa wa Mwisho

Nikisikia harufu ya karanga zikikaangwa, narudi utotoni, gulioni Kasulu. Bibi muuza karanga alikuwa akichana kitabu cha hadithi, kuanzia ukurasa wa kwanza, na kufungia karanga zake. Mimi na rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi tulinunua kila gulio, tukasoma karatasi zilizolowa mafuta: habari za mtoto aliyetoroka kwao na mwenzake aliyekataa kumwacha.

Ulipobaki ukurasa mmoja, lori la kumrudisha rafiki yangu Burundi na wazazi wake likaja.

"Usiusome bila mimi," aliniambia akiwa juu ya lori.

"Siusomi."

Gulio lililofuata bibi akanipa ule ukurasa. Nikaukunja bila kuutazama.

Wanangu huniuliza hadithi iliishaje. Nawaambia watulie, tunamsubiri mtu.