Sifuri za Mabinti wa Mwani

Mwanapili alikuwa akimwonea Nusra wivu, na wala hakujidanganya kwa hilo. Miaka kumi na mmoja ameandika daftari la kikundi cha wakulima wa mwani huko Msambweni, kwa hati nzuri isiyo na doa. Kisha anakuja msichana na cheti chake, na kila mgeni akifika ofisini anaelekezwa kwake. Hata chai anatangulia kupelekewa yeye! Mwisho wa mwezi kamati ingeamua ni nani kati yao abaki na kazi ya ukarani.

Asubuhi moja Nusra alikuwa akihamisha orodha ya wanachama kutoka faili la maandishi kuiingiza kwenye kanzidata. Kompyuta ikamtaka aseme kila safu ni ya aina gani: maandishi, namba au tarehe.

"Samahani, dada Mwanapili. Hii safu ya namba za wanachama, niichague kuwa namba, au niiache maandishi?"

Mwanapili alilijua jibu. Katika kikundi chao, binti akijiunga hupewa namba ya mamake na kutanguliziwa sifuri: mama 12, binti 012. Ukiichagua kuwa namba, sifuri inaanguka, na kompyuta haikubali watu wawili wa namba moja; humwacha nje binti. Aliyaona hayo kwenye semina ya kompyuta huko Ukunda.

"Chagua namba, mwanangu," akajibu, macho kwenye daftari. Roho yake ikaburudika.

Alhamisi wanachama wakakutana kugawana upya sehemu za kufungia kamba za mwani. Nusra akasoma orodha mpya mpaka mwisho. Hakuna binti hata mmoja aliyeitwa.

"Kwani mimi nimefutwa?" Jumwa, mmoja wa mabinti hao, akapaza sauti. "Miaka minne nafunga kamba, leo sina pangu?"

Nusra akaipitia orodha tena. "Kosa ni langu. Naombeni radhi. Nilichagua vibaya aina ya safu."

Mwenyekiti, Bi Kahaso, akamkazia macho. "Si tulikwambia, usilolijua umuulize Mwanapili? Hakuna azijuaye namba zetu kama yeye. Hukumuuliza?"

Hayo ndiyo maneno Mwanapili aliyoyangojea tangu msichana aje, tena yamesemwa mbele ya watu. Nusra akainamisha kichwa, asimtaje. Mwanapili akamchukia zaidi kwa wema huo, na akajichukia mwenyewe.

"Aliniuliza," akasema. "Nami nikamwambia achague namba, hali najua."