Gorgor Kwenye Swichi ya Feni

Mande alikuwa akisubiri neno moja tu, na mwenye neno hilo alikuwa mumewe, Kunjil. Hakutaka arudi kulala kwake. Kunjil alishahamia kwa mke mdogo, Lusi, na kwa Mande hiyo ilikuwa nafuu, maana hata kukoroma kwake alikuwa amekuchoka. Alichotaka ni Kunjil aseme mbele ya watu kwamba siku ile feni ilipomla vidole, swichi aliiwasha yeye mwenyewe.

Wakati huo Mande ndiye aliyeitunza feni kubwa ya kiwanda cha kahawa cha ukoo wa mumewe, hapo kwenye bonde la mto Wahgi, chini ya barabara. Feni ile husukuma hewa ya moto kutoka kwenye tanuri, ikipita kwenye mabomba hadi chini ya sakafu za kukaushia, nayo huzungushwa na mota kwa mikanda miwili. Mande hakuwahi kukaa darasani. Kaka yake, Mungu amrehemu, alimfundisha kwa kumshika mkono: mikanda hubadilishwa yote miwili, hata kama mmoja bado mzima, maana mpya na mkuukuu haivuti sawa. Mkanda haupachikwi kwa kuulazimisha kwa chuma. Unalegeza bolti za mota, unaisogeza, mkanda unaingia wenyewe kwa upole. Na kabla hujagusa chochote unazima, unatia kufuli kwenye swichi, na ufunguo unakaa mwilini mwako.

Ufunguo ulikaa kwenye bilum yake, mfuko wa kusuka aliouning'iniza kichwani kama wanawake wote wa huko. Siku ile Kunjil alikuja na haraka zake.

"Lete ufunguo."

"Sijamaliza kukaza."

"Nani mume hapa?"

Akampa. Nani asingempa? Kunjil akawasha kujaribu, akazima, na wala hakungoja gurudumu lisimame. Akatia mkono. Jioni, mkono umefungwa vitambaa, akawaambia ndugu zake kwamba mwanamke aliacha swichi bila kufuli. Wakaamini bila kuuliza. Damu ya ukoo ilikuwa imemwagika, na aliyekuwa karibu ni mke, mtu wa kuja. Mande akatolewa kwenye feni, akawekwa kwenye meza ya kuchambua kahawa pamoja na wanawake wengine. Mahali pake akapewa Kunjil, na vidole vyake vilivyobaki.

Miaka ikapita hivyo. Mande alichambua kahawa huku sikio lake likiwa kwenye feni. Mkanda ukilia asubuhi, alijua umelegea. Beringi ikinguruma, alijua imekosa grisi, au imejazwa grisi kupita kiasi, maana Kunjil alipaka grisi kama mtu apakaye siagi ya mwenzake. Hakusema. Angemwambia nani?

Asubuhi moja ya mvua, sakafu zikiwa zimejaa kahawa mbichi ya ukoo mzima, feni ilianza kutetemeka kama mtu mwenye malaria.

"Makapi yameganda kwenye mapanga yake," Mande alimwambia Paulina, jirani yake mezani. "Upande mmoja umekuwa mzito."

Kunjil alizima swichi, akafungua kidirisha cha feni, akachukua kikwangulio na kuingia. Miguu yake ikapotelea ndani. Swichi ikabaki wazi. Kufuli lilikuwa limehamia kwenye kibanda cha Lusi cha kuuzia popoo za kutafuna.

Paulina naye aliona. "Mwache humo humo," alisema. "Ukifiwa nitakusaidia kulia. Machozi ninayo mengi, mume wangu kanizoesha."

Mande alicheka, lakini miguu ilishasimama. Nje, Yuda, ndugu yake Kunjil anayelisha tanuri, alikuwa akipasua kuni. Angeingia sasa hivi, akute feni kimya na kahawa imelowa, abonyeze swichi. Mande aliita, "Kunjil! Toka!" Ndani kulisikika kukwangua tu. Asimame mbele ya swichi? Yuda alikuwa na mazoea ya kumsukuma kando kama gunia.

Akakimbilia mtaroni, akakata gorgor, lile jani refu kama la tangawizi, akalifunga kwenye mkono wa swichi kwa fundo la nguvu. Kisha akaikaba puli, gurudumu la mikanda, kwa gogo la kuni, ili upepo wa tanuri usiizungushe feni polepole na mtu yumo ndani.

Yuda aliingia, akanyoosha mkono. Akaliona jani. Akaurudisha mkono kana kwamba ameungua.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi."

"Wewe? Kwenye ardhi yetu?" Akatoka mbio bila kungoja jibu. "Mande kafunga kiwanda! Kaweka gorgor!"

Huko, gorgor ikishafungwa hakuna wa kuigusa mpaka aliyeifunga aseme dai lake na aridhike. Watu waliacha magunia wakaja. Akaja Kapil, shemeji yake mkubwa, msimamizi wa kiwanda, jasho likimtoka na baridi ile.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuitumia kwake, "kahawa itaoza. Sema, unadai nini?"

"Sidai kitu, Kunjil yumo..."

"Tunajua ni Kunjil! Alikukosea kwa habari ya Lusi, tunajua. Nitatoa nguruwe. Yule jike mwenye madoa."

"Na mablanketi!" Paulina alipiga kelele kutoka nyuma.

"Na mablanketi," Kapil alikubali.

"Na yule Lusi arudi kwao!" akasema mwingine.

Walikuwa wamesimama mbele ya Mande wote, wale wale walioamini bila kuuliza, na sasa wanamuuliza. Lile neno lake lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Angelidai, na wangemlazimisha Kunjil alitoe, kwa ajili ya kahawa. Aligeuka akatazama kidirisha cha feni. Kukwangua kulikuwa kumekoma.

"Nataka atoke salama kwanza," alisema. "Mume wangu yumo ndani ya feni. Kufuli hakuna. Ndiyo sababu ya jani."

Yuda aliutazama mkono wake wa kulia, kisha akakaa chini juu ya kuni.

Ndipo sauti ikatoka chini ya sakafu za kukaushia, nzito, ikipitia mabomba, ikasambaa kiwanda kizima.

"Kapil."

"Yesu wangu," alisema mama mmoja aliyeshika reki, "kahawa inaongea."

"Siku ile nilimnyang'anya ufunguo," sauti ilisema. "Niliwasha mimi. Nikatia mkono haijasimama. Yeye hakuacha kitu wazi. Niliona haya, nikamtupia yeye."

Mande alikuwa amejiandalia maneno ya kumjibu siku hiyo ikifika, maneno makali, yamenolewa miaka yote. Hakuyaona yalikokwenda.

Kunjil alitoka kinyumenyume, amefunikwa makapi kichwa hadi miguu, macho tu ndiyo yaliyoonekana. Mkono wa Kapil ulikuwa umeshaelekea kwenye swichi.

"Bado," alisema Mande. "Kikwangulio kiko wapi?"

Kunjil alikionyesha.

"Funga kidirisha. Toa gogo kwenye puli. Wavu wa kinga ya mikanda, kaza bolti zote."

"Ile ya chini huwa siifungi, ina kutu."

"Ifunge."

Akapiga magoti akaifunga. Mande mwenyewe akalifungua fundo la gorgor, akawasha. Feni ilianza taratibu, ikapanda, ikatulia kwenye mlio wake, bila kutetemeka.

"Nguruwe bado namtaka," alimwambia Kapil. "Ulishasema. Na kufuli litoke kwenye popoo leo hii, ufunguo nipewe mimi."

"Utapewa, shemeji."

Watu wakarudi kwenye magunia yao. Kunjil alibaki amesimama, akijikuna shingo kwa mkono wenye vidole viwili. Makapi yanawasha vibaya. Mande alimvuta karibu na dirisha, akamgeuza kichwa kama anavyogeuzwa mtoto, akamtoa makapi sikioni kwa ncha ya bilum yake, polepole, sikio moja, kisha la pili.

"Sasa nenda," alisema. "Lusi akuogeshe."