Dobi na Mkewe

Mwaka vita vilipokwisha nilikuwa mwali, nimewekwa ndani nyumbani kwetu Likoni. Hata barazani sikuruhusiwa kuchungulia. Nilikichukia chumba kile, wallahi, na nyufa za kuta zake nilizijua moja moja.

Aliyenihurumia ni jirani yetu, mke wa Mhindi mwenye duka. Alipitia mlango wa uani akiniletea picha alizorithi kwa babake, zilizochorwa kwao India juu ya vipande vya ulanga, jiwe angavu kama kioo, vyembamba kama ganda la kitunguu. Kila kipande kilikuwa na mume na mke katika mavazi ya kazi yao: mfinyanzi na mkewe, msusi wa vikapu na mkewe. Mimi nilimpenda mke wa dobi. Marinda yake mekundu kayapandisha magotini, kasimama mtoni juani, wala hakuna wa kumwambia aingie ndani. Niliomba nikae na picha yake siku moja. Kwa siri, maana baba hakutaka picha za watu nyumbani. Alisema malaika hawaingii.

Siku zizo hizo niliposwa na mnunuzi wa mbata, rika la baba. Mke wake angechorwa kashika nini? Pazia, labda. Shangazi alininong'oneza kwamba baba atakuja kuniuliza, nami nikaandaa neno langu: sitaki. Nililirudia siku tatu.

Baba akaja asubuhi pamoja na ami. Picha ya dobi na mkewe, niliyoazimwa jana yake, ilikuwa mapajani. Nikaitia chini yangu upesi, nikaikalia.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Umeposwa na mtu mwema. Waonaje?"

Nikafungua mdomo, na papo hapo ulanga ukavunjika chini yangu, ta!. Nikaganda. Nilihofu nikijitikisa baba atasikia, aniinue, aione. Nikabana pumzi, nikainamisha kichwa.

Kwetu mwali haambiwi aseme ndiyo. Kimya chake kinatosha. Nililijua hilo vyema.

"Kanyamaza, ndugu yangu," ami akasema kwa furaha. "Basi karidhia."

Kabla sijainuka, shangazi alikuwa keshapiga vigelegele uani.

Alasiri jirani alikuja kuchukua picha yake. Nikampa ikiwa imevunjika vipande viwili, huku nalia kwa kwikwi. Maskini, alidhani naililia picha. Akanifuta machozi kwa ncha ya sari yake, akanirudishia vyote viwili mkononi.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Iwe zawadi yako ya arusi."