Dawa ya Simu ya Mama

Kwenye ukoo wetu, mtu yeyote anayekaa mbele ya kompyuta kazini anahesabiwa kuwa fundi wa kompyuta. Mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kujumlisha na kutoa, lakini shangazi yangu ameshanipigia kuuliza kwa nini televisheni yake haioneshi mpira, na mjomba aliwahi kuniletea redio mbovu ofisini ndani ya kiroba cha mchele. Kwa hiyo simu ya mama ilipoanza kuugua, hakuna aliyejiuliza daktari ni nani.

"Inachemka," mama aliniambia, akitumia simu hiyohiyo. Yeye anakaa Masama, mlimani, kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambalo baba alimwachia. Mimi nakaa huku chini, Shirimatunda. "Asubuhi naiacha imejaa chaji. Nikirudi kukata majani ya ng'ombe imezima, na ukiishika ni ya moto. Bando nalo linaisha sijampigia hata mchungaji."

Nikamwambia huenda imeingiwa na virusi. Akauliza kama vinaambukiza, maana wakiwa kwenye kikao cha wanawake kanisani simu zote zinawekwa kwenye kikapu kimoja. Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Mama hakucheka.

"Wewe cheka tu. Ila nitafutie dawa yake. Nataka isiyo na kelele na isiyonidanganya, kwa sababu hii simu imeshaniambia mara nyingi kwamba nimeshinda gari."

Nikaanza kutafuta antivirusi ya mama, nikidhani ni kazi ya jioni moja. Wapi! Hizo programu ni nyingi kuliko waganga, na kila moja inajisifu kuliko mwenzake. Niliamua kuziweka kwanza kwenye simu yangu, kwa sababu simpi mama chakula ambacho sijaonja. Ya kwanza ilikuwa na kiherehere. Ukifungua picha tu kioo kinakuwa chekundu, king'ora kinalia, neno HATARI linajaa kutoka pembe hadi pembe. Nikamwaza mama yangu akikitazama kioo kile halafu akiita majirani waje kuomba. Nikaifuta.

Nyingine ilikuwa ya bure, na ofisini kila mtu alinisifia. Kweli ilikuwa tulivu, ila katikati ya utulivu wake ilikuwa inaleta matangazo ya kubeti na ya dawa za kuongeza makalio. Mama ni mzee wa kanisa. Nikamfikiria anatoa simu nje ya kanisa baada ya ibada ili aangalie saa, mchungaji akiwa amesimama pembeni yake. Hiyo niliifuta kwa haraka mpaka nikaona aibu mimi mwenyewe, kama vile tangazo limeshatokea. Kulikuwa na nyingine tena iliyotaka nywila yenye herufi kubwa, namba na alama, na kila ukifungua inataka uiandike upya. Hiyo ni adhabu, si kinga.

Mwishowe nikapata moja ya kulipia. Haikuwa na matangazo, maandishi yake yalikuwa makubwa, na ilijua Kiswahili, japo Kiswahili chenyewe kilikuwa kimepinda. Kwenye maelezo yake waliandika kwamba inakamata pia programu za upelelezi, zile ambazo mtu anamwekea mwenzake kwenye simu ili amfuatilie. Hapo nilipita bila kusoma. Nani atampeleleza mjane mwenye ng'ombe wawili?

Jumamosi nikapanda Masama. Mama alikuwa jikoni, ndizi na maharage vimeshaiva, anavisonga kuwa kiburu. Tuliposalimiana alifuta mikono, akanikabidhi simu kwa uangalifu, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikaanza kazi. Programu ilipokuwa inapekua, mama akaanza habari zake za siku zote kuhusu simu hiyo, kwamba aliyemnunulia ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu anayefanya kazi Dar, na kwamba aliileta Krismasi ikiwa tayari imewekwa kila kitu.

"Yule mtoto ana moyo wa pekee," alisema. "Juzi nimekohoa usiku, mimi na ng'ombe wangu tu, sijamwambia mtu. Asubuhi kanipigia: mama, kifua vipi? Nani kamwambia? Ni damu hiyo. Anahisi."

Habari hiyo niliijua. Ukoo mzima uliijua, maana mama alishaisimulia mpaka kwenye ushuhuda kanisani, jinsi Mungu alivyomuunganisha na mwanaye kiasi kwamba akiumwa huku, kule Dar moyo unamshtua. Sitaficha: nilikuwa naona wivu. Mimi ndiye ninayepanda mlima kila baada ya wiki mbili na sukari na mafuta ya kula, lakini sijawahi kuhisi chochote.

Simu ikatoa mlio mdogo. Nikatazama. *Tishio moja limepatikana. Programu ya upelelezi.*

Nilijua ni wezi. Mawazo yangu yote yalikwenda kwenye pesa za mama zilizomo kwenye simu, nikafungua kwa hasira nione. Programu yenyewe ilijiita "Huduma za Mfumo", jina ambalo hata mimi ningelipita. Chini yake ikaorodheshwa ilichoruhusiwa: kujua simu iko wapi, kusoma ujumbe, kuona nani kapigiwa, kuwasha maikrofoni muda wowote. Na chini kabisa, anwani ya barua pepe ambako kila kitu kilikuwa kinatumwa.

Ilikuwa anwani ya mdogo wangu. Naijua kwa kichwa, kwa sababu nilimfungulia mimi alipokuwa anaomba chuo.

Nilisoma tena ile anwani, nikaisoma herufi moja moja, nikitafuta mahali palipokosewa. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ya msiba wa baba, kwa sababu baba aliugua muda mrefu na tulikuwa tumejiandaa.

"Mbona umebadilika hivyo?" mama akauliza. "Imekutwa na nini? Haiponi?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini yeye mwenyewe alisema anataka kitu kisichomdanganya, nikaona kama programu imeweza, mimi nitashindwaje. Nikamwambia kwamba ndani ya simu kuna kitu kinachosikiliza, kwamba kinasikiliza hata hapa jikoni, na kwamba kinampelekea mwanaye wa Dar.

Mama aliichukua simu mkononi mwangu, akaizungushia kanga, akatoka nayo hadi stoo na kuifukia kwenye debe la mahindi. Aliporudi alifunga mlango. Halafu akaongea kwa kunong'ona, na mimi nikajikuta nanong'ona pia, wanawake wawili wazima ndani ya nyumba yetu wenyewe.

"Yote?"

"Akitaka, yote."

Akakaa. Niliona anapitia kichwani mwaka mzima wa jiko lile. Jirani yetu hulia hapo kuhusu mume wake. Mke wa mdogo wangu mwenyewe alikaa hapo Pasaka akaeleza mambo ya ndoa yake ambayo mama hakuwahi kunisimulia na hakunisimulia hata siku hiyo, alishika tu mdomo. "Yesu wangu," akasema. "Yesu wangu. Na yule binti aliniamini."

Kisha akasema, "Kumbe hahisi. Anasikia."

Nilimhurumia mno. Ushuhuda ule alisimama akautoa mbele ya usharika wote, na watu walipiga makofi.

Nikadhani tumefika chini kabisa. Lakini mama alikuwa bado anatafuta, macho yake yako kwenye sakafu, na nilipoona yanaelekea kwenye fimbo yake ya kutembelea iliyoegemezwa mlangoni nikajua amefika wapi.

Wakati wa masika mama aliteleza zizini. Nyonga iliteguka, akashindwa kuinuka. Alilala kwenye tope na mvua ikimnyea tangu asubuhi hadi jirani alipokuja mchana kuchukua maziwa. Tulimkuta hospitali sauti imekauka kabisa, na tangu hapo anatembea na fimbo. Mdogo wangu alipata habari jioni kutoka kwangu mimi, akalia kwenye simu.

"Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sweta," mama alisema. "Nilikuwa nimeilalia, mkono haufiki. Nikaita. Sikukuita wewe, mwanangu, unisamehe. Nilimwita yeye. Nilisema yeye atahisi." Aliniangalia. "Alinisikia?"

Nilisema labda alikuwa kwenye kikao, labda programu inasikiliza pale tu mtu anapoiwasha, labda chini ya sweta sauti haipiti. Kila labda niliyotoa ilinichoma, maana nilikuwa namtetea mtu ambaye dakika hiyo ningemkuta ningemzaba kofi. Nikatoa simu yangu nimpigie. Mama akanishika mkono.

"Hilo swali ni langu. Nitamuuliza mimi. Wewe usithubutu."

Akaenda stoo, akarudi na simu ya kwake, akaipangusa vumbi la mahindi. Akaiweka mezani, akainama karibu nayo kana kwamba anaongea na mtoto aliyelala.

"Baba, mimi mama yako," akaiambia. "Nimeshajua. Njoo nyumbani."

Hakumpigia mtu. Aliiambia simu iliyozimwa kioo, akairudisha kwenye kishubaka cha ukutani inapokaa siku zote, na kunikataza kuifuta ile programu mpaka mwenyewe aje.

Wiki ile sikufanya kazi ya maana. Nilijumlisha safu moja nikapata majibu tofauti kila mara. Nilikuwa naomba asije. Asipokuja, nilijiambia, ina maana hasikilizi mara kwa mara, na kama hasikilizi mara kwa mara basi hata siku ile ya mvua hakusikia. Sikuwahi kumwombea ndugu yangu asifike nyumbani. Niliomba hivyo kwa moyo wangu wote.

Jumamosi alikuja.

Nilikuwa uani kwa mama, nafua. Aliacha gari barabarani akaingia kwa miguu, mtu mwenye cheo chake, suruali imeloa umande wa migomba, na mikononi ameshika isale. Hilo ni jani refu la mimea tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba. Kwetu mtu akikukosea halafu akakuletea isale lililofungwa fundo, anaomba msamaha, na hukatai. Ukishalipokea, jambo limekwisha. Huliulizi tena, hulirudii hata mkigombana, na anayelirudia ndiye mkosaji.

Mama alitoka jikoni na fimbo yake. Mdogo wangu akapiga magoti palepale kwenye udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba unisamehe. Unakaa peke yako huku. Nilikuwa na hofu, nilitaka tu kujua uko salama."

Salama! Nilidondosha nguo kwenye beseni. Nilimwangalia mama, nikimngojea. Sasa, nilisema moyoni, muulize sasa, kabla mkono wako haujagusa jani hilo. Mama alisimama akimtazama utosini, na mdomo wake ukafunguka. Nina hakika ulifunguka.

Kisha akanyoosha mkono, akapokea isale.

"Nimekusamehe, baba. Inuka uingie ule."

Niliganda pale na povu mikononi mpaka mama alipoita nimletee simu. "Haya, futa," akaniambia mbele yake. Nikabonyeza. Kioo kikawa kijani, na huo ukawa mwisho wa Huduma za Mfumo. Mdogo wangu alishusha pumzi ndefu. Mezani alikula kiburu akaomba aongezewe, akasimulia foleni za Dar, na mama akacheka pale panapotakiwa kucheka. Mimi nilikuwa natazama mdomo wa mdogo wangu ukitafuna, na swali bado ninalo, na nimefungwa na jani ambalo hata sikulipokea mimi.

Alipolala kidogo sebuleni, nilimfuata mama zizini. Alikuwa ameshakaa kwenye kigoda anakamua.

"Mama, mbona hukumuuliza?" nilisema, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko anavyostahili mzazi. "Ulinikataza mimi, ukasema ni swali lako. Alikuwa amepiga magoti mbele yako. Ulishindwa nini kumuuliza kwanza, halafu ndiyo upokee isale?"

Mama hakugeuka.

"Ningemuuliza angenijibu," alisema, akaendelea kukamua.