Siku ya Tatu Kiwandani kwa Mzee Mwinjuma

Mwanamkuu wa Kisarawe alikuwa fundi umeme miaka kumi na saba kabla mtu yeyote hajamwita mwalimu, na tuseme kweli, jina hilo alilipenda. Chuo kimoja cha Kibaha kilikuwa kinafundisha wasimamizi wa nishati kutoka Malawi, Nepali na Gana, watu wa kupima umeme wa viwandani na kuonyesha unapopotelea. Yeye alipewa kundi la watu wanne kwa majaribio. Ripoti yao ikikubaliwa, anapata mkataba. Isipokubaliwa, anarudi kupanda nguzo.

Siku ya vitendo ilikuwa moja tu. Wakaenda Visiga, kwenye kiwanda cha chakula cha kuku cha Mzee Mwinjuma. Wakapokewa kifalme: sakafu imedekiwa, vibarua wamevaa kanzu za Ijumaa siku ya Jumanne, pilau inanukia. Brighton, Mmalawi mwenye haraka zake, akafunga kipimo kwenye waya mkuu, akapiga makofi. Kiwanda kilitumia umeme kiduchu!

Mwanamkuu hakula kwa raha. Kiwanda gani cha kusaga mahindi watu wanaongea kwa kunong'ona?

"Baba, kinu kikubwa mbona kimya?"

"Nimekizima, mwanangu. Wageni wametoka mbali, na kelele zile mtasikilizana vipi?"

Mwanamkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamwisha. Walichopima ni sherehe, si kiwanda.

Jioni akamwomba mkuu wa mafunzo, Bi Elinipa, siku mbili zaidi.

"Ratiba imeshafungwa, Mwanamkuu. Ukizichukua usipate kitu, mkataba usahau."

Akazichukua hivyo hivyo.

Jumatano mzee aliwachinjia kuku, kinu kimya mpaka walipoondoka. Alhamisi Mwanamkuu akaingia na ovaroli, wanafunzi wake nyuma. "Baba, mgeni siku mbili. Leo ya tatu, majembe yetu yako wapi?"

Mzee akawaonyesha magunia ya mahindi ya kubeba, akawasha kinu. Haikupita saa, Brighton, aliyekifunga tena kipimo chake, akatoa macho: kati ya gunia na gunia kinu kilizunguka kitupu, dakika kumi, kumi na tano, kinasaga hewa. Theluthi nzima ya umeme iliishia hapo.

Mzee Mwinjuma alipoelezwa alikitazama kinu kikizunguka. "Miaka tisa nakilisha hewa," akasema, akaenda kuzima swichi kwa mkono wake.

Ripoti ilikubaliwa. Bi Elinipa akaweka mezani mkataba pamoja na ratiba ya kundi lijalo. Mwanamkuu, furaha imemjaa kifuani, alisoma yote, akaomba kalamu. Palipoandikwa siku moja ya vitendo akakata, akaandika tatu.

"Na nikikataa?" Bi Elinipa akauliza.

"Basi sisaini, dada."

Bi Elinipa akaitazama ile karatasi, akamtazama yeye, akavuta kalamu, akasaini wa kwanza.