Mwenyekiti wa Taka Zetu

Wiki ya kwanza tulipohamia Johannesburg, kabla hata sijazoea swichi ya jikoni iko upande gani, mwenyekiti wa kamati ya wakazi alipiga hodi. Alikuwa mama wa makamo mwenye mbwa wawili wadogo, na mkononi alishika karatasi nne zilizobanwa pamoja. Nilidhani ni barua ya kutukaribisha. Zilikuwa sheria za taka.

Alinisomea zote pale mlangoni, polepole, kama anayemsomea mtoto. Karatasi, chupa na mikebe viingie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Mabaki ya chakula yaende kwenye pipa la magurudumu. Mikebe ioshwe, maboksi yakunjwe, kila kitu kiwe nje ya geti Jumanne asubuhi. Mwishowe akaniuliza kama kule nilikotoka tulikuwa na utaratibu wowote.

Nilisema tulikuwa nao. Sikumweleza kwamba kwa mama yangu, Nakuru, mkebe wa majani ya chai haukuwahi kuliona jalala. Uliishia kuwekewa sukari, ukishika kutu ukapandwa vitunguu. Mkebe wa aiskrimu nao, ukiufungua, unakuta maharagwe. Watu wa kwetu hawakuwahi kuandikiwa karatasi nne kuhusu jambo hilo.

Jumanne ya pili, picha ya mfuko wangu ilitokea kwenye kundi la simu la wakazi. Ndani ulionekana mkebe wa samaki wenye mchuzi bado. Mwenyekiti aliandika kwamba hangetaja nyumba ya mtu, ila namba saba wajikumbushe sheria. Nyumba zote kumi na mbili zikasoma. Kazini nilikuwa na watu kumi na wanne chini yangu. Nyumbani nikawa nimefeli mtihani wa mkebe.

Basi nikaanza kuosha. Maji ya moto, sabuni, brashi. Wiki ile maji ya mtaa yalipokatika, niliosha mikebe kwa maji ya ndoo huku sahani za jana zikingoja zamu. Mume wangu akasema heri tuanze kulia chakula kwenye mikebe, maana ndiyo safi kuliko vyombo vyetu. Nikaendelea kusugua.

Jumanne moja mafua yalinizuia kwenda kazini, nikawa nimesimama dirishani juu ya geti. Kwanza alikuja mwokotaji wa taka na mkokoteni wake. Nilikuwa nikimpita kila wiki bila kumsalimu. Mwenyekiti alishaandika kwamba anaharibu sura ya mtaa na akamwagiza askari wa geti amfukuze, lakini askari alikuwa akiangalia kwingine. Mwokotaji alifungua mifuko, akatoa chupa na maboksi ya kwenda kuuza, akaifunga tena vizuri. Kabla hajafikia wangu, askari akapiga mluzi kumjulisha kwamba gari la taka linakuja.

Likaja lile gari lililokodiwa na kamati. Vijana wawili wakarusha mifuko yetu ndani, kisha wakamwaga mapipa juu yake, kwenye mdomo ule ule. Mashine ikatafuna vyote pamoja: maganda ya viazi, nepi, na mikebe yangu iliyong'aa.

Nilitoka na kandambili, nikamkuta mwokotaji kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Alikuwa mtu wa Lesotho, mpole, vidole vimefungwa matambara. Aliniambia gari hilo hufanya hivyo tangu aanze kupita hapo. Kisha akaniuliza nakaa namba ngapi, nikamtajia.

"Ni wewe unayeosha," akasema. "Namba moja siufungui mfuko wao. Wanatia mavi ya mbwa."

Namba moja ni kwa mwenyekiti.

Tangu siku hiyo nikawa namkabidhi mfuko wangu mkononi. Haikupita muda nikaletewa barua ya onyo kwa kumpa taka mtu asiyeidhinishwa. Niliibeba hadi kwenye mkutano wa wakazi, nikauliza taka zetu huenda wapi. Mwenyekiti akajibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Nikawaonyesha video ya gari likichanganya taka, niliyoirekodi dirishani wiki moja baada ya yale mafua. Mzee wa namba tisa akashika kichwa, akasema eish. Ya mbwa sikuyataja. Si kwa wema. Nilimtazama tu mwenyekiti mpaka akainamia karatasi zake.

Mwezi uliofuata sheria zikapata ukurasa wa tano. Mwokotaji ameruhusiwa kuchambua taka zetu kabla gari halijaja. Mwenyekiti huwaeleza wapangaji wapya kwamba wazo lilikuwa lake, nami husimama kando nikiitikia kwa kichwa. Kamati ilimshonea mwokotaji kizibao chenye jina la mtaa wetu mgongoni. Mshahara hawakumpa. Yeye hukivaa siku za baridi tu.